Bunduki Iliyovaa Kofia

Rahma mwanangu,

Umelala, na sanduku lako liko mlangoni limefungwa kamba. Mimi niko jikoni na kalamu yako ya skuli, ile uliyoitafuna kichwa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu changu cha kuandika ni cha kununulia sukari tu. Utasoma polepole, najua, utatamka neno neno kama mtoto wa chuoni. Bora hivyo. Nataka uisikie sauti yangu huko Maskati.

Mambo ya kufua na kupiga pasi, chakula cha bweni, wasichana wa kukaa nao na wa kuwakimbia, hayamo humu. Hayo nimekusemesha mpaka ukaniambia, "Mama, khalas, nimeshika." Humu mna neno moja, na nimelizunguka tangu Alasiri kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sikio lako la kushoto halisikii, Rahma. Najua.

Usishtuke, na usikasirike. Siku moja ulikuwa umekaa barazani unachambua mchele, redio imezimwa. Nikapita upande wako wa kushoto, nikakwita kwa sauti ndogo, "Rahma, njoo nikupe halua." Halua, mwanangu, na wewe hukugeuka! Hapo nikajua si utukutu. Nikazunguka upande wa pili, nikanong'ona vilevile, ukainua kichwa: "Iko wapi?" Nikakwambia imekwisha. Nikaingia ndani nikakaa kitandani, sijui kwa muda gani, mpaka wali ukaungua.

Tangu siku ile nakuangalia. Nimekuona unavyomtazama mtangazaji wa televisheni, sauti umeifunga, unafuata midomo yake. Nimeona unavyochagua pa kukaa penye watu, daima ukutani, ukuta uwe kushoto kwako. Na ulipokuja na karatasi ya chuo cha wauguzi ukasoma kwamba wiki ya kwanza mtapimwa macho, kifua na masikio, sauti yako ilipofika kwenye masikio ilikimbia. Baba yako hakuona. Mimi niliona.

Lakini siwezi kukuomba ninachotaka kukuomba bila ya kuanzia kwenye bunduki.

Tulipofika hapa Ibra wewe ulikuwa bado unanyonya. Baba yako huko Unguja hajapata kushika bunduki maisha yake. Alikuwa dukani kwa mjomba wake, anauza vitambaa, akifumba macho akikishika kitambaa anakwambia kimetoka wapi. Tukapewa nyumba hii ya udongo pembeni mwa mashamba, na wiki ile ile jirani wakaoza binti yao. Mimi sijui kitu. Nimekaa nakunyonyesha, mara nasikia bunduki zinalia, moja, halafu nyingi pamoja. Nikakukamata, nikaingia na wewe chini ya kitanda, nikakuziba mdomo.

Nilikuwa mtoto wa skuli zilipolia kule kwetu. Mama yangu alitulaza chini ya kitanda, sisi sote, na baba akatoka kwenda kutazama nani anagonga. Tulipotoka chini ya kitanda sahani yake ilikuwa mezani, na ikakaa mezani. Sijakuhadithia zaidi ya hapa na sitokuhadithia leo.

Basi Umm Hamed, jirani yetu, akaingia na sinia la wali na nyama ya harusi, akaniona miguu. "Wewe mwanamke, unatafuta nini huko chini?" Nikamwambia, "Herini. Herini yangu imeanguka." Alicheka mpaka akakaa. Huku kwao bunduki ni furaha. Akizaliwa mtoto wa kiume wanapiga, bi harusi akitoka wanapiga, Sikukuu wanapiga. Ule mkasa ukatembea mtaa mzima, na kila palipokuwa na harusi wanawake waliniuliza, "Ee Zinjibari, herini umeiona?" Na mimi nikacheka nao. Nikacheka miaka, Rahma. Hata mara moja sikusema, "Naogopa." Niliona tukisema tunaogopa watatuambia turudi tulikotoka, na tulikotoka hakuna tena mlango.

Baba yako naye alikuwa na lake. Kule kwenye sabla, wanapokutana wanaume kwa kahawa, walimwambia mkono wake ni wa kupimia kitambaa. Alipopata kazi ya serikali akanunua bunduki. Akajifunza kwa hasira, na akaweza. Siku ya shabaha ya Sikukuu alipopiga jiwe jeupe likaruka, nani aliyempigia kigelegele cha kwanza? Mimi. Nilimshonea na mfuko wa bunduki, kwa kitambaa kizuri. Halafu nikarudi ndani nikatia pamba masikioni, ile pamba ya mito, na nikakaa na pamba yangu mpaka wakamaliza. Ndo ikawa desturi yangu. Wewe uliniona, ukaniuliza, nikakwambia nina baridi ya masikio.

Na baba yako, kwa kupiga na kupiga, masikio yakaanza kwenda. "Eeh?" Neno lake limekuwa hilo. Unamwambia chai tayari, eeh? Unamwambia nyumba inaungua, eeh?

Halafu dhibu wakaja. Kule Unguja mimi mbwa mwitu nilimjua katika hadithi za bibi tu, hapa nikamwona kwa macho yangu, amesimama juu ya ukuta wa zizi Magharibi inaingia, mwembamba kama mtu mwenye njaa, ananitazama kwa adabu. Asubuhi yake mbuzi wetu wa maziwa tulimkuta shingo hana. Na wa Umm Hamed wawili. Baba yako akaanza kwenda kuvizia kule wadini, lile bonde kavu la mto, kwenye mawe, lakini mwindaji asiyesikia anavizia nini? Jiwe lilibiringika nyuma yake na yeye anatazama mbele.

Nani aliyesema, "Mchukue Rahma, ana masikio ya paka"? Wewe unafikiri ni baba yako. Ni mimi. Nilikuwa nakusifu.

Ukawa masikio yake. Baada ya sala ya Alasiri mnatoka, wewe na chupa ya chai na tende mfukoni, umejifunga mtandio wangu wa sufi. Mnalala kifudifudi nyuma ya mawe, yeye kushoto, wewe kulia kwake, umesogea mbele kidogo ili usikie vizuri. Ukisikia kitu unamvuta dishdasha, kanzu yake, mara moja kama ni mbele, mara mbili kama ni pembeni. Mwenyewe ulinionyesha, umelala juu ya mkeka wa sebuleni, mwiko ndio bunduki. Mkirudi nilikuwa nakusugua mikono kwa mafuta ya ufuta, unanukia baruti na vumbi, na macho yako yanang'ara. Ulikuwa na furaha. Hilo sikunyang'anyi wala baba yako simnyang'anyi.

Lakini siku moja uliniambia, "Mama, mna nyenje kichwani mwangu." Nikakwambia lala, watalala na wewe. Wakalala. Safari nyingine ukaniambia tena, na tena nikakujibu vilevile. Halafu ukaacha kuniambia.

Mlipokuwa kule wadini mimi nilikuwa ndani na pamba yangu, na lilikuwepo furushi zima. Kwa masikio yangu niliikumbuka kila siku. Kwa yako haikunijia hata mara moja.

Sasa ile kofia. Ami yako Khalfan aliporudi kutoka Dubai alikuja nayo imefungwa kwenye fulana. Ulikuwepo wewe siku hiyo, lakini uliondoka kwenda kuleta kahawa, kwa hiyo mwanzo wake hukuusikia.

"Hii nini, bomba la jiko?" baba yako akauliza.

"Kiwambo. Unakifunga kwenye mdomo wa bunduki, kishindo kinabaki humo ndani. Dhibu hajui risasi imetoka wapi."

"Ikishamfika, ya nini ajue?"

"Si yeye, ndugu yangu, mwenzake! Hawa wanatembea wawili. Ukimpiga mmoja kwa kishindo, wa pili saa hiyo hiyo yuko Bidiya, anakuchekea."

"Mimi bunduki isiyolia siitaki, ya mwizi hiyo. Nikipiga, mtaa mzima ujue nimepiga."

"Mtaa mzima unajua," Khalfan akamwambia. "Wewe tu ndiye husikii."

Nilicheka hata nikamwaga tende. Baba yako hakucheka. Kiwambo kikawekwa juu ya kabati, wewe ndiye uliyekiita kofia, na kikakaa huko kinakula vumbi msimu mzima. Na wewe msimu mzima unakwenda wadini.

Baada ya siku ile ya halua nilimfuata baba yako zizini, anawatilia mbuzi majani. Nilitaka kumwambia taratibu, lakini baba yako humwambii kitu taratibu. Nikawa napiga kelele, "Mtoto hasikii! Sikio la kushoto! Upande wa bunduki!" Na huku natazama nyuma, wewe uko barazani, nachelea utasikia. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimesimama kushoto kwako, na machozi yakanitoka. Baba yako alishika majani yale mkononi mpaka mbuzi wakaja wakayala mkononi mwake. Hakusema hata "eeh".

Kesho yake asubuhi kofia ilikuwa juu ya bunduki.

Hili ndilo usilolijua. Ulipomuuliza, "Baba, mbona leo umeivika?" alikwambia dhibu wameerevuka. Kule sabla aliwaambia vilevile, kwamba Khalfan alisema kweli, kwa dhibu inasaidia sana. Wakamcheka. "Bunduki ya Zinjibari imepata mafua!" "Zinjibari anapiga risasi za siri, ana deni?" Na yeye, ambaye kwa neno moja la mkono wa vitambaa alinunua bunduki, akakaa akanywa kahawa yake akawaacha wacheke. Akarudi nyumbani akaniambia, "Wamecheka sana leo," kama mtu anayetoa khabari ya mvua. Nilitaka aache kabisa kukuchukua. Akasema, "Nikimwacha ghafla atajua kwa nini." Tukanyamaza wawili, na tunajua kunyamaza sisi, tumesomea. Ila safari hii nilikufuma kofia ya sufi nzito, nikaishonea pamba masikioni, nikakwambia ni ya baridi. Ukaenda hivyo mpaka msimu ukaisha, na msimu wa pili akasema una mitihani.

Na ilisaidia kwa dhibu? Wewe ulikuwa pale, unajua kuliko mimi, lakini nakumbuka mliyoyasema. Mara ya kwanza alikosa. Chuma kile ni kizito mbele, risasi ikaingia mchangani chini ya miguu ya dhibu, na dhibu akaruka kama aliyekanyaga moto. Baba yako akawa jioni kwa jioni anapiga kopo juu ya jiwe mpaka bunduki ikazoea kofia yake. Mlio haukufa. Mimi hapa jikoni, bila ya pamba, nilikuwa nausikia: ule mpasuko wa risasi ikipita, kama mtu amepasua kitambaa kikavu. Kile kishindo cha tumboni ndicho kilichopungua.

Halafu ile jioni ya wawili. Wa kwanza alianguka. Wa pili hakukimbia. Ulituhadithia mezani: alisimama akatazama kule jabali, kwa sababu mpasuko uligonga jabali ukarudi kwake, akadhani hatari iko huko. Akawa anageuka, anamnusa mwenzake, anatazama jabali tena. Baba yako akampata. "Hakujua akimbilie wapi, mama," ukasema, ukasukuma sahani. Hukula, na hukutaka nikuulize.

Msimu uliofuata walikuja wengine. Kilichotupumzisha ni ukuta wa zizi tulioupandisha na miba tuliyoilaza juu yake. Kwa hiyo mtu akiniuliza mimi kama kofia ya bunduki inaleta tofauti kwa dhibu, nitamwambia kidogo, kwa yule wa pili, kwa kitambo. Aliyelala kando ya bunduki ndiye inayemfaa. Na kwako ilikuja sikio limeshaondoka.

Sasa ya leo. Jioni nilimwambia baba yako kwamba nataka uwaambie wapimaji mwenyewe, kabla hawajagundua.

"Usimtie mtoto maneno," akasema.

"Watampima. Wana mashine."

"Ana akili, atawapita. Akisema watamrudisha. Unataka arudi achambue mchele?"

"Nataka mgonjwa akimwita kutoka kushoto apate wa kumjibu."

"Eeh?"

"Umenisikia!"

"Nimekusikia," akasema. Halafu akasema, "Akirudishwa, kosa langu litakuja kukaa na mimi humu ndani kila siku, linanipikia chai."

Hivyo alivyosema baba yako. Nimeyaandika kama yalivyo kwa sababu mbele yako hawezi kuyasema. Nikamwambia litatupikia sote wawili.

Rahma, ombi langu ni hilo. Siku ya kupimwa, kabla hawajakuvisha hayo mapete ya mashine masikioni, mwambie anayepima: "La kulia zima, la kushoto limekufa kwa bunduki." Kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, kwa unachotaka. Sikwambii kwamba watakupokea. Sijui. Huenda wakakwambia rudi nyumbani, na kama ni hivyo utarudi na sanduku lako na kamba yake, na utalia, na mimi sitokwambia ni kheri. Lakini usiingie wodini na kitu unachokificha. Utakuwa umekaa kwenye sikio lako kama mimi nilivyokaa kwenye khofu yangu, unacheka wanapocheka, huku unapima kila mlango wa kuingilia. Nimeishi hivyo katika nyumba hii, na mume mwema, na majirani wema, na hakuna aliyeweza kunisaidia kwa sababu hakuna aliyejua. Lau siku ile ya harusi ningetoka chini ya kitanda nikamwambia Umm Hamed, "Naogopa bunduki, walimchukua baba yangu," labda angelia na mimi. Labda baba yako asingeinunua. Labda. Mbele yangu ningali na miaka, watu sokoni wakituona mimi na wewe wanauliza kama sisi ni ndugu, na bado hiyo "labda" nimeshaichoka.

Na mimi nina matumaini, usinione naandika hivi. Sikio moja ulilobaki nalo ni lile lililosikia jiwe likibiringika ng'ambo ya wadi. Wauguzi wangapi wana la namna hiyo? Waambie na hilo pia.

La mwisho, kisha nikuache ulale, maana naona nimeanza kukuandikia kama vile unanijibu.

Leo alasiri baba yako alisafisha bunduki. Anataka kupiga kesho gari lako likiondoka, kama wanavyopigia vijana wanaume. Hakuna aliyempigia binti kwa ajili ya skuli katika mtaa huu, kwa harusi tu, na watasema. Anasema waseme. Nikamuuliza, "Na kofia?" Akasema, "Ikiwa na kofia nani atajua nimefurahi?" Nilipotoka tena kuanua nguo nilimkuta amekaa kizingitini, anaifunga kofia mdomoni, anazungusha polepole, anaifuta kwa kitambaa kile kizuri.

Kwa hiyo ndani ya gari hutosikia kitu, si kulia si kushoto. Mkifika pale penye mtende ulioinama, geuka utazame kioo cha nyuma. Utamwona amesimama uwanjani, ameielekeza kwenye kilima cha udongo, na utaona bega lake likirudi nyuma. Hapo ujue amepiga.

Na mimi nitakuwa kando yake, upande wa kulia, pale ulipokuwa ukilala wewe. Sitotia pamba.

Mama yako anayekupenda